Nani Anaamua Mahali pa Kukaa Mjini?

Saa saba mchana katikati ya Dar es Salaam, mtu aliyewahi miadi yake ana mambo mawili ya kuchagua: anunue soda apate kiti, au atafute ukingo. Wengi hutafuta ukingo. Wako waliokaa kwenye ngazi za jengo la ofisi mpaka mlinzi akohoe. Wako waliojibana kwenye kuta fupi za bustani za maua, na waliokalia mizizi ya miti au mawe yaliyopangwa kuzuia magari yasipande njia ya waenda kwa miguu. Waliokaa ni wengi. Viti vilivyowekwa kwa ajili yao vinahesabika.

Kila kimoja kati ya vitu hivyo, hata ukosefu wa kiti, kiliamuliwa na mtu mezani. Kuna aliyechora ngazi, aliyechagua kimo cha ukuta wa maua, na aliyefuta mstari wa benchi kwenye makadirio ili bajeti itoshe. Watu wa taaluma ya ubunifu wa mandhari, ambao kazi yao ni kupanga bustani, viwanja, njia na fukwe za miji, wamekuwa wakijadiliana kuhusu kiti cha umma kwa zaidi ya nusu karne. Mjadala wao unatuhusu, kwa sababu miji yetu inajengwa upya sasa hivi, na uwanja ukishamwagiwa zege bila pa kukaa hukaa hivyo kwa miaka mingi.

Viwanja vitupu vya New York

Kisa ambacho kila mwanafunzi wa fani hii hufundishwa kilianza kwa zawadi. Mwaka 1961, jiji la New York liliandika upya kanuni zake za ujenzi. Mwenye jengo refu aliyeacha uwanja wazi kwa ajili ya umma aliruhusiwa kuongeza sakafu: kwenye maeneo yenye majengo marefu zaidi, futi kumi za mraba za jengo kwa kila futi moja ya mraba ya uwanja. Mfano uliowavutia wakubwa wa jiji ulikuwa jengo la Seagram la mwaka 1958, ambalo mbunifu majengo Ludwig Mies van der Rohe alilisogeza nyuma kutoka Park Avenue na kuacha uwanja wa mawe mbele yake. Watu walikuwa wakijaa kwenye kingo za uwanja ule kila mchana.

Wenye majengo wakaichangamkia zawadi. Viwanja vikaongezeka, sakafu zikapanda, na vingi kati ya viwanja hivyo vikabaki vitupu. Vingine viliwekewa hata miiba ya chuma juu ya kuta fupi ili mtu asithubutu kukaa. Jiji lilikuwa limelipa kwa anga lake na kupokea sakafu ya mawe isiyo na mtu.

Aliyekwenda kutafuta sababu hakuwa mbunifu. William H. Whyte alikuwa mwandishi, zamani mhariri wa jarida la Fortune. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikusanya vijana, akafunga kamera juu ya viwanja, akaanza kuhesabu watu. Alichunguza kama tofauti inaletwa na jua, ukubwa wa uwanja, umbo lake au uzuri wa jengo. Vyote vilichangia kidogo. Kilichochangia zaidi kilikuwa rahisi kiasi cha kuaibisha: watu hukaa kwa wingi mahali palipo na pa kukaa.

Lakini hakuishia hapo, na ndiyo maana wabunifu bado wanamsoma. Alipima. Aligundua kuwa mtu hukalia karibu ukingo wowote wenye kimo cha kati ya futi moja na tatu, yaani sentimita 30 hadi 90, na kwamba ukingo wenye upana wa inchi 30 hukaliwa pande zote mbili, watu wakipeana migongo bila kugusana. Aliona kuwa mtu akikuta kiti kisichofungwa chini, hukisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata kama kinarudi karibu pale pale kilipokuwa. Kule kusogeza kunamfanya awe mwenye kiti kwa nusu saa. Aliona pia kuwa viwanja vinavyopendwa vina wanawake wengi kuliko viwanja vilivyododa, kwa kuwa mwanamke huchagua kwa makini zaidi mahali pa kukaa hadharani.

Mwaka 1975 jiji lilirekebisha kanuni: uwanja wa zawadi uwe na futi moja ya urefu wa kiti kwa kila futi 30 za mraba za eneo. Kitabu na filamu ya Whyte vilifuata mwaka 1980. Sasa mahali pa kukaa palikuwa na kipimo kilichoandikwa kwenye sheria, na mbunifu alikuwa na kitu cha kumwonyesha mteja asiyetaka kusikia habari za mabenchi.

Kiti kinachosogea

Matunda makubwa ya kazi hiyo yalionekana Bryant Park, nyuma ya Maktaba ya Umma ya New York. Miaka ya 1970 bustani ile ilikuwa mikononi mwa wauza dawa za kulevya. Ilikuwa imeinuliwa juu ya barabara na kuzungushiwa uzio na michongoma, hivyo anayepita nje haoni ndani, na aliye ndani haoni pa kutokea. Whyte alishauri ifunguliwe. Mbunifu wa mandhari Laurie Olin na wenzake wa ofisi ya Hanna/Olin wakaongeza milango, wakaondoa michongoma na kurekebisha ngazi. Bustani ilifungwa mwaka 1988 na kufunguliwa upya mwaka 1992, ikiwa na viti vingi vyepesi vya kijani ambavyo kila mtu aliweza kuvibeba na kuvipeleka anakotaka.

Wenye mashaka walisema vingeibwa vyote. Havikuibwa, kwa sababu palikuwa na wahudumu na watu wengi waliokuwa wakiona. Mbunifu wa mandhari Robert Zion alikuwa amekwisha kuthibitisha jambo hilo hilo jirani, kwenye Paley Park iliyofunguliwa mwaka 1967: kiwanja cha mita za mraba zipatazo 390 tu, katikati ya majengo, chenye maporomoko ya maji ukutani, miti michache na viti visivyofungwa.

Hata hivyo wabunifu hawakubaliani kuhusu Bryant Park. Inaendeshwa na kampuni isiyo ya kiserikali kwa michango ya wenye majengo wa jirani na mapato ya shughuli zake. Wanaoisifu husema hiyo ndiyo siri ya usafi wake. Wanaoikosoa huuliza kama bustani inayotegemea fedha za wenye maduka inaweza kumpokea kila mtu kwa moyo mmoja. Kwa halmashauri zetu swali linakuja kwa namna nyingine: kiti kinachosogea ni bora kwa aliyekaa, lakini kinahitaji mtu wa kukikusanya jioni na kukitoa asubuhi. Pasipo mshahara wa mtu huyo kwenye bajeti, ni afadhali benchi la kufungwa lililowekwa mahali sahihi.

Vishikio na zege la mteremko

Hakuna kipande cha benchi kilichozua maneno kama kishikio cha mkono. Mzee mwenye magoti mabovu au mama mjamzito huinuka kwa taabu kama hana pa kushika, na miongozo mingi ya watu wenye ulemavu hutaka vishikio. Lakini kishikio hicho hicho kikirudiwa kila baada ya sentimita 60 humzuia asiye na makazi kujinyoosha. Wateja wengi hukiagiza kwa sababu hiyo ya pili huku wakitaja ile ya kwanza.

Mfano uliotangaa zaidi uko London. Mwaka 2012 halmashauri ya Camden ilipokea benchi la zege lililobuniwa na kampuni ya Factory Furniture. Lina mteremko kila upande: hulali, hutelezi juu yake kwa ubao wa magurudumu, na halina upenyo wa kuficha kitu. Kama kazi ya ufundi limetimiza kila lilichoagizwa. Kama kiti, mtu hawezi kulistahimili kwa muda mrefu. Tangu hapo limekuwa kielelezo cha ubunifu unaofukuza watu, na kuna wabunifu waliotangaza kuwa hawatachora benchi la namna hiyo hata mteja akilipa.

Njia ya kati ipo, na ni ya kiufundi tu. Benchi refu laweza kuwa na sehemu yenye vishikio na sehemu isiyo navyo, kukawa na nafasi ya sentimita 90 pembeni ili mwenye kiti cha magurudumu akae sambamba na mwenzake badala ya kuachwa njiani. Kiti cha sentimita 45 kwa kimo, na kina kama hicho, humfaa mtu mzima wa kawaida. Mwongozo wa serikali ya Uingereza kuhusu usafiri wa watu wote unashauri sehemu za kupumzikia zisiachane zaidi ya mita 50 kwenye njia zinazotumiwa na watu wenye shida ya kutembea. Hesabu mita 50 kutoka lango la hospitali ya mkoa wako kuelekea kituo cha daladala, uone utakuta nini.

Baraza lilijua

Mengi kati ya hayo yalikwisha kujulikana pwani yetu kabla ya kamera za Whyte. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, baraza la mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa limeegemea ukuta wa nyumba. Aliyekaa ana ukuta mgongoni na wapita njia mbele. Jay Appleton, mtaalamu wa jiografia wa Kiingereza, aliandika mwaka 1975 kuwa binadamu hupenda mahali anapoweza kuona mbali huku yeye amejihifadhi. Mzee wa mtaa wa Malindi, mjini humo, alikuwa amekwisha kukaa hapo. Kichochoro ni chembamba, kwa hiyo nyumba ya pili inatoa kivuli. Mvua ya masika ikigeuza njia kuwa mfereji, wapita njia hupanda juu ya baraza na kuendelea na safari.

Lamu kuna daka: kipenu kilichoingizwa ndani ya ukuta mbele ya mlango, chenye viti vya mawe kushoto na kulia vinavyotazamana. Miaka ya 1950, daktari wa magonjwa ya akili Humphry Osmond, akifanya kazi kwenye hospitali ya Saskatchewan, Kanada, alitambua kuwa kuna mipangilio inayowatawanya watu na mipangilio inayowakusanya. Yeye na mwanasaikolojia Robert Sommer walihamisha viti vilivyopangwa kando ya kuta za wodi wakavizungusha kwenye meza, na wagonjwa wakaanza kuzungumza zaidi. Viti vya vituo vyetu vingi vya mabasi vimepangwa safu moja, macho yote mbele, kama wodi ile kabla ya meza. Fundi wa daka hakupanga hivyo.

Hapo ndipo wabunifu wa leo hujikwaa. Wakitaka kuheshimu mila, huchukua umbo la baraza, wakamimina bloku la zege jeupe katikati ya uwanja usio na mti, kisha wakaliita kwa jina hilo. Wameacha ukuta, kivuli na wapita njia. Zaidi ya yote wameacha mwenyeji. Baraza la Mji Mkongwe limo hadharani, lakini lina nyumba. Kuna anayelifagia asubuhi, anayelipaka chokaa, anayejua nani kakaa pale na kwa nini. Bloku la uwanjani halina mtu wa namna hiyo.

Bustani ya Forodhani ilipofunguliwa upya mwaka 2009, baada ya ukarabati wa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, iliwekewa njia, taa na mahali pa wauza vyakula. Jioni watu hukaa kwa wingi hata kwenye ukuta wa bahari. Whyte angelielewa mara moja: una kimo cha kukalika, upepo, chakula karibu, na vijana wanaojirusha majini ni tamasha lisilo na kiingilio.

Benchi linavyopotea kwenye makaratasi

Tuseme mbunifu wa mandhari anayajua yote hayo. Kwa nini basi benchi bado halipo? Jibu liko kwenye utaratibu wa kazi.

Kwenye miradi mingi anaitwa wa mwisho. Mbunifu majengo amekwisha kuweka jengo, mhandisi amepitisha mabomba na mashimo ya majitaka, maegesho yamechorwa. Anayechora mandhari hupewa vipande vilivyobaki na kuambiwa avipendezeshe. Kivuli, ambacho ndicho uhai wa kiti katika nchi za joto, kingeamuliwa siku jengo linapowekwa. Mti wa upande wa magharibi hukinga jua kali la alasiri. Kwa hiyo benchi la kukalika saa tisa huwekwa mashariki ya mti, kivuli kinakoelekea saa hizo. Maegesho yakishachukua upande huo, hakuna benchi litakaloponya kosa.

Halafu zinakuja fedha. Mkadiriaji majenzi huandaa kile kitabu cha orodha ya kazi na gharama zake ambacho ofisini kila mtu hukiita BOQ. Zabuni zikirudi juu ya bajeti, mkutano wa kupunguza gharama huanzia mwisho wa kitabu, na mwisho wa kitabu ndiko kuliko na miti, mabenchi na taa za bustani. Nguzo ya jengo haikatwi. Mti uliotakiwa upandwe ukiwa na kimo cha mita tatu unakuwa mche wa kwenye mfuko. Vinavyosalia hukutana na maneno mafupi yaliyomo karibu kila mkataba: au kinacholingana nacho. Mbao za mninga zinakuwa bomba la chuma. Karibu na bahari bomba hilo huliwa na kutu, na mahali penye soko la vyuma chakavu huondoka usiku. Januari 2022 serikali ya Kenya ililazimika kusimamisha kabisa biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya wizi wa miundombinu ya umma, zikiwemo nguzo za umeme. Mbunifu anayechagua chuma kwa benchi la mjini bila kuwaza hilo anachorea mji mwingine.

Wabunifu wazoefu hujilinda kwa mambo madogo. Wanafanya kuta fupi za maua ziwe na kimo cha sentimita 45 na uso laini, ili hata mabenchi yakikatwa ukuta ubaki kiti. Wanataka mbao zifungwe kwa bolti, ubao mmoja uweze kubadilishwa na fundi yeyote wa mtaani. Wanaacha uwazi chini ya benchi ufagio upite, na mteremko mdogo maji yasituame. Hawaweki benchi chini ya mnazi wenye nazi.

Hatua ya mwisho ndiyo inayokosekana zaidi. Kipindi cha kurekebisha kasoro kwa kawaida hakizidi mwaka mmoja baada ya kukabidhi kazi, kisha malipo ya mbunifu huisha. Mti huanza kutoa kivuli cha maana baada ya miaka kadhaa. Yaani aliyebuni kiti haitwi arudi aone kama kinakaliwa, na halmashauri haina nafasi ya ajira ya mtu wa kufuatilia. Shirikisho la kimataifa la wabunifu wa mandhari limekuwapo tangu 1948. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja vinafundisha fani hii. Wataalamu wapo. Mikataba ndiyo inayowaita kwa kuchelewa na kuwaondoa mapema.

Mahali pameshachaguliwa

Wakati wa kusubiri wataalamu, wananchi hubuni. Kijiwe cha bodaboda chini ya mwarobaini, na ubao wake juu ya matofali mawili, ni utafiti wa bure: kivuli kimechaguliwa, wateja wanaonekana, mama lishe yuko hatua chache. Mbunifu mwenye akili huanza kwa kukaa hapo kabla hajafungua kompyuta. Lakini kipimo cha Whyte kuhusu wanawake kinafaa hapa pia. Vijiwe vingi ni vya wanaume, kama yalivyokuwa mabaraza mengi ya mtaani. Kiti cha umma kinachostahili jina hilo kinahitaji taa, njia mbili za kuondokea na macho ya watu wengi, ili dada anayesubiri gari saa moja usiku naye akae.

Na kiti kikishakuwepo huwa na nguvu yake. Bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi ilitolewa na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Mwaka 1991 ulipoletwa mpango wa kuigeuza kuwa majengo na maegesho, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani, Profesa Wangari Maathai akasimama naye, na mpango ukafa. Miaka iliyofuata kundi la Bunge la Mwananchi likafanya mabenchi ya pale kuwa mahali pa kujadili mambo ya nchi. Hakuna mkahawa ambao ungewavumilia watu wale kwa saa nyingi bila kununua kitu.

Kinachotakiwa hakihitaji wizara mpya. Masharti ya kibali cha ujenzi yanaweza kutaja kiasi cha mahali pa kukaa, kama yanavyotaja maegesho. Chukua kanuni ya New York ya 1975 na uwanja wa mita za mraba 1,000: unatakiwa kuwa na karibu mita 109 za kiti. Kila mtu akipewa sentimita 60, hao ni watu wapatao 180. Halmashauri inaweza kupunguza namba hiyo kwa nusu na bado ikavipita viwanja vingi tulivyo navyo. Iongeze masharti matatu: mchoro uonyeshe kivuli cha saa tisa alasiri, mkataba umrudishe mbunifu baada ya miaka mitatu, na jina la idara itakayofagia liandikwe kabla zege halijamwagwa. Mradi utakaoshindwa kujibu hayo haujafikia hatua ya kutangazwa zabuni.